Mjomba Wako na Shimo la Nguruwe

Mwanangu Shomari,

Salamu nitakupa kwa mdomo kesho asubuhi, na dua nitakusomea ukiwa umesimama mlangoni. Karatasi hii ni ya yale ambayo nikikutazama usoni sitaweza kuyasema. Naandika kwa herufi za Kiarabu, hizo nilizofundishwa chuo cha Kurani, kwa kuwa ndizo ninazozijua, nawe unazisoma vizuri kunishinda. Habari za kufua nguo na kuamka mapema sina haja nazo. Hayo sajini wako atakufundisha, na atakufundisha kwa fimbo.

Juzi uliniambia kwamba pale bomani, ulipokuwa ukiandikishwa upolisi, uliulizwa kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kufungwa. Ukajibu hakuna. Ulinieleza huku unacheka kidogo, kama mtu aliyevuka mto bila kulowa. Jana ukamwomba mjomba wako Mbwana asije stesheni kukuaga, kwa sababu sajini atakuwepo, na huenda akawapo mtu wa Kisarawe atakayemtambua. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Nikamsikia naye akikujibu, "Vyema, mjomba," halafu akaendelea kunoa jembe lake.

Sikulaumu. Tangu utotoni umesikia jambo moja tu kuhusu yeye, kwamba aliua mtu akafungwa, na sisi watu wazima kila ulipouliza tulikutuma maji. Hilo ni kosa letu. Tulidhani tunakulinda, kumbe tulikuacha na neno moja tu mkononi. Kesho unakwenda kujifunza kazi ya kukamata watu na kuandika maneno yao. Sitaki uende nalo peke yake.

Ilikuwa Masaki, kule Kisarawe, kabla hatujahamia huku Ruvu, nawe ulikuwa mimba changa. Shamba lilikuwa la babu yako, mihogo mingi na mikorosho michache, na tulipakana na shamba la mtu aitwaye Kondo. Kondo alikuwa mchoma mkaa, mtu wa nguvu na wa maneno. Yeye na mjomba wako waliingia jando moja, wakawa marafiki miaka mingi. Kilichowagombanisha ni njia. Kondo alizoea kukata katikati ya mihogo yetu ili afike barabarani mapema, apate kuliwahi lori la mkaa la kwenda Dar es Salaam. Alipita na gunia kichwani akikanyaga matuta, na watu wake nyuma yake wakikanyaga vilevile. Kaka alimwambia kwa upole, kisha kwa ukali, mwisho akaiziba njia kwa miiba. Kesho yake tulikuta miiba imetupwa pembeni.

Siku hiyo kaka alisimama pale mpakani, wanawake tunatoka kisimani, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Atakayepita hapa tena hatarudi kwa miguu yake."

Nilikuwa na mtungi kichwani. Nilisikia kila neno.

Haukupita muda nguruwe wakatuingilia. Unajua wanavyofanya, hawali wakashiba, wanafukua shamba zima kama wamelipwa. Jumbe wa kijiji akawaruhusu watu wachimbe mashimo. Kaka akachimba lake pale nguruwe walipokuwa wakipenya, shimo la kumfunika mtu mzima, akasimamisha vijiti vilivyochongwa chini yake, akaezeka juu kwa matawi na majani. Shimo halikuwa juu ya ile njia ya Kondo. Lilikuwa karibu nayo. Baadaye mahakamani walibishana siku nzima juu ya neno hilo, karibu ni wapi.

Jioni aliyomaliza kulifunika alikuja kwangu na mikono bado ina udongo. Uso wake haukuwa uso niliouzoea. Akasema, "Zena, nenda kwa Kondo sasa hivi. Yeye hatanisikiliza, basi mwambie mkewe. Mwambie nimechimba shimo, wafuate barabara kubwa." Nikamwambia nina kichefuchefu, nitakwenda asubuhi. Akasema, "Sasa hivi." Nikaenda.

Nilimkuta Bi Tatu, mke wa Kondo, anatwanga. Hatukuwa tukisemezana vizuri siku zile, ugomvi wa wanaume ulikuwa umeingia mpaka kisimani. Nilimpa ujumbe nikiwa nimesimama. Akajibu, "Nimesikia," bila kusimamisha mchi. Nikarudi nyumbani.

Siku chache baadaye ikanyesha mvua kubwa, na alfajiri yake tukasikia sauti. Si kelele ya nguruwe. Kaka alikuwa wa kwanza kufika. Mimi nilifika nikamwona anashuka ndani ya lile shimo katikati ya vijiti vyake mwenyewe, vinamchana mapaja, anamwinua Kondo kwa mabega yake ili walio juu wampokee. Gunia la mkaa lilikuwa limepasuka, na mkaa umechanganyika na damu na tope hata hujui kipi ni kipi.

Walimlaza juu ya kitanda cha kamba, wanaume wakakibeba kwenda hospitali ya Kisarawe. Kondo alikata roho njiani. Wengine waliweka kitanda chini wakaenda kukaa mbali, maana kila mtu alikuwa ameanza kufikiria askari. Kaka hakuondoka. Alikaa amemshikilia kichwa, akamwambia mmoja wao akaite Serikali.

Askari aliyekuja alikuwa kijana wa umri wako. Akauliza nani amefanya hivi. Kaka akasema, "Nimemuua Kondo."

Maneno hayo ndiyo yaliyoandikwa bomani, na ndiyo yaliyotangulia kila mahali alipopelekwa. Mwanangu, mtu aliyekanyaga kifaranga gizani husema nimemuua. Mtu aliyemvizia mwenzake kwa panga husema nimemuua. Mdomoni ni neno lilelile. Yule askari hakuwa mtu mbaya. Mbele yake kulikuwa na maiti, na mtu mwenye damu anasema ni mimi. Nimejiuliza mara nyingi, kama kalamu ingekuwa mkononi mwangu, ningeuliza swali la pili? Sina hakika.

Kesi ya kuua ilisikilizwa Dar es Salaam, Mahakama Kuu, mimi tumbo limefika kifuani. Niliitwa kuwa shahidi wa upande wa Serikali. Walijua kwamba niliyasikia yale maneno ya mpakani. Kabla hatujaondoka Masaki, bibi yako alinishika mkono akanisihi niseme sikusikia kitu. Akaniambia, "Mungu alikupa masikio, hakukupa ulimi wa kumnyonga nduguyo." Ndani ya lori nilikuwa nimeamua kusema uongo. Nilijifunza kuusema kimoyomoyo njia nzima, juu ya magunia ya mihogo, mpaka ukawa mwepesi kama kweli.

Humo mahakamani jaji alikuwa Mzungu mzee mwenye nywele za bandia, na pembeni yake wamekaa wazee wa baraza watatu, watu wetu, kazi yao kusikiliza kisha kumpa jaji maoni yao. Katikati alisimama mkalimani. Kaka alikuwa kizimbani, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Nikaitazama ile shingo nikashindwa kuitazama tena.

Bi Tatu alitangulia. Alivaa kaniki, alikuwa bado eda haijamtoka usoni. Wakili aliyepewa kaka na mahakama akamwuliza kama mimi nilimfikishia habari ya shimo. Akasema, "Sikuambiwa." Hakunigeuzia jicho.

Nikaitwa mimi. Nikaapa kwa msahafu. Wakili wa Serikali akaniuliza mshtakiwa alisema nini siku miiba ilipotupwa. Ule uongo wangu ulikuwa tayari ulimini. Nikamtazama kaka, nikitegemea anipe ishara yoyote, na yeye akafumba macho. Hakuniomba kitu. Laiti angeniomba, ningedanganya. Alipofumba macho nikaona amenikabidhi shingo yake niifanyie nitakavyo, na ule uongo ukanipotea kama kitu kilichoteleza mkononi. Nikasema, "Alisema, atakayepita hapa tena hatarudi kwa miguu yake." Mkalimani akaligeuza. Nikamwona jaji anaandika. Nyuma yangu nikamsikia bibi yako akiguna, mguno kama wa mtu aliyepigwa.

Kisha wakili wa kaka akasimama. Nikaeleza nilivyotumwa jioni ile, na kichefuchefu changu, na Bi Tatu anatwanga, na alivyosema amesikia. Wakili akanikumbusha kwamba mjane amekana. Akaniuliza kati yetu wawili nani mwongo. Nikanyoosha kidole nikasema, "Yeye. Anataka kaka yangu anyongwe."

Hilo la pili, kwamba anataka, hakuniuliza mtu. Nililisema mwenyewe.

Siku ya maoni, mzee wa kwanza wa baraza alisema mshtakiwa ana hatia ya kuua kwa kukusudia, maana aliapa mbele ya watu na akachimba mahali anapojua mtu hupita. Wa pili akasema vilevile. Wa tatu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Alisema, "Yule mwanamke alitoa neno la kumwangamiza nduguye, na hakuna aliyemsukuma. Mtu wa namna hiyo akisema tena kwamba alitumwa kuonya, mimi namsadiki. Na anayetuma mtu kuonya hataki mtego wake umnase mtu."

Jaji hakufungwa na maoni ya wazee. Ndivyo sheria yao ilivyokuwa. Alisoma hukumu yake polepole, mkalimani akimfuata. Alisema kwamba kaka alichimba kwa ajili ya wanyama, na kwamba alituma onyo, kwa hiyo hakukusudia kifo cha Kondo. Lakini alijua watu hupita karibu, na onyo moja mdomoni mwa mwanamke mmoja halikutosha. Alipaswa kuweka alama, uzio, kitu cha kuonekana. Akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Bibi yako alilia kama msiba, mimi nilimshukuru Mungu hadi nikaona aibu. Ukanipiga teke mbavuni kwa mara ya kwanza kwa nguvu hivyo.

Sasa nikuambie la kwangu. Miaka yote ya kifungo cha kaka, niliswali nikimwombea Bi Tatu mabaya. Nilikuwa na hakika ninaujua moyo wake. Alisikia habari ya shimo akamnyamazia mumewe, nikasema, labda alikuwa amechoka naye. Kisha akataka kaka anyongwe ili siri ife. Nilijijengea hadithi kamili, na kila mwaka niliiongezea ukuta. Baba yako, Mungu amrehemu, alinihamisha Masaki kwa sababu nilikuwa siwezi kupita mbele ya nyumba yake bila kutema mate chini.

Bibi yako alipofariki nilirudi Masaki kwa matanga. Nimekaa uani namenya mihogo na wenzangu, Bi Tatu akaja akakaa kando yangu, akachukua kisu akaanza kumenya. Wengine wakainuka mmoja mmoja. Tulimenya kikapu kizima. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Nilimwambia."

Sikuelewa.

"Nilimwambia jioni ileile uliyokuja. Akacheka. Akasema Mbwana hana ubavu wa kumfungia njia, na shimo analijua lilipo, atalipita pembeni. Alilipita siku mbili. Ya tatu mvua ilikuwa imenyesha, pembeni pakateleza."

Nikamwuliza kwa nini basi alikana mbele ya jaji. Akaniambia kwamba shemeji zake walikuwa wamekaa palepale mahakamani. Angesema alimwambia, wangesema Kondo alikwenda kujiua mwenyewe, na watoto wake wangekua wakiitwa watoto wa mtu aliyejiua. Na yeye wangemwuliza, mbona hukumzuia? Akaacha kumenya. "Sikukusudia nduguyo anyongwe, Zena. Nilitaka kumzika mume wangu kwa heshima. Nilipoona wazee wawili wamesema ana hatia, nilisimama niseme. Ulimi ukakataa. Ningekuwa nimeua mtu wa pili kwa kunyamaza, na wala nisingekuwa nimetaka."

Nilikumbuka kwamba kweli siku ile nilimwona amesimama. Nilidhani anasimama apate kuona vizuri.

Sikumkumbatia, wala hatukuomboleza pamoja kama wafanyavyo watu katika hadithi. Nilimpa karai lenye maji anawe mikono. Lakini tangu siku hiyo sijathubutu tena kumwambia mtu kwamba nayajua aliyoyakusudia mwingine. Naweza kusema alichofanya. Naweza kusema alichosema. Zaidi ya hapo nauma ulimi.

Kaka alipotoka kifungoni alikuja kwetu huku Ruvu. Ulikuwa mtoto wa kukimbia na mabua, ukamzoea kuliko sisi sote, ukawa unalala mgongoni mwake akipalilia. Hujui kwamba wiki zake za kwanza hakuweza kula mbele za watu, wala kwamba mti wowote, hata mpini wa jembe, hakukubali kuuchonga. Alimpa baba yako amchongee. Msimu mmoja nikamuuliza kwa nini. Nilimweleza maneno ya Bi Tatu, nikamwambia ametakasika, Kondo alikwenda kwa ukaidi wake mwenyewe. Nilidhani namletea zawadi.

Kisha akaniambia jambo ambalo wakili wake hakuliuliza, wala jaji.

"Shimo nilichimba kwa ajili ya nguruwe. Hilo ni kweli, na nitalisema mbele ya Mungu. Lakini nilipofika kwenye vijiti vya mwisho, nikachonga huku namfikiria Kondo. Namwona anaanguka. Na nikaona raha, Zena. Nikajisikia nimepata raha, nikaogopa. Ndipo nikakujia na udongo mikononi nikakuambia nenda sasa hivi."

Nikamuuliza basi yeye mwenyewe anajiona ana hatia ipi, ile ya jaji au ile ya wazee wawili. Akasema hajui. Akasema, "Kile kijiti cha mwisho nilikichonga kwa nia mbaya, na nikakiacha mle ndani. Ningeweza kukitoa. Nilikutuma wewe badala ya kukitoa."

Sasa unayo yote, Shomari. Nimeligeuzageuza miaka mingi na sijapata jibu la kukuwekea kwenye mzigo wako. Najua tu kwamba wazo baya lilimjia, kama linavyotujia sote, na alipoliona alitafuta pa kulizuia, na hakulizuia vya kutosha, na mtu akafa. Wapo wanaowaza mabaya zaidi ya yale na hawakuchimba kitu, nao hutembea vifua mbele. Wewe utakutana nao. Utakutana pia na mtu mwenye damu mikononi anayekuambia nimemuua. Utafanya utakavyoona, sitakuwepo.

Kuhusu jibu ulilompa yule wa bomani, ni lako na sitaligusa. Wakijua wanaweza kukurudisha nyumbani. Nalijua hilo, na najua ulivyoitafuta kazi hii. Mimi mwenyewe nilishawahi kukaa na uongo tayari ulimini, nikiwa na sababu kubwa kuliko yako. Niliuacha si kwa sababu mimi ni mwema. Nilimwona kaka amefumba macho.

Kesho nitakusindikiza mimi peke yangu, kama ulivyotaka. Mjomba wako ameniambia ataamkia mpunga. Majaruba yake, kama ujuavyo, yako kandokando ya reli, upande wa kulia ukitokea stesheni, na gari moshi hupita hapo polepole kwa sababu ya daraja. Atakuwa ameinama. Hatainua kichwa, kwa kuwa umemkataza, na yeye ni mtu wa kushika neno. Sajini atakuwa behewani pamoja nanyi.

Sauti yako anaijua hata katikati ya kelele za gari moshi. Kama utaita au hutaita, hilo sitakuuliza kamwe.

Mungu akutangulie uendako, na akurudishe ukiwa mtu.

Ni mimi niliyekuzaa,
Zena